Mwaka Niliozisemea Filamu za Afrika

Wasifu wa marehemu ulisomwa kwa dakika kama kumi hivi, na katika dakika zote hizo tamasha letu halikutajwa. Nilikuwa nimetoka Mbeya kwa basi la alfajiri kwenda kumzika Mwalimu Luvanda kwao Kilolo, nimekaa kwenye benchi la tatu kanisani, nimejifunika shuka la kimasai kwa sababu ya ubaridi. Msomaji alikuwa kijana wa ukoo, mwenye sauti nzuri. Alisoma kwamba marehemu alifundisha historia mjini Iringa kwa miaka mingi, “kisha akaacha kazi kwa hiari yake ili ajishughulishe na kilimo.” Nikajikuta nimesema “Hapana” kwa sauti. Mama aliyekaa pembeni yangu akanishika goti, akidhani nimezidiwa na uchungu. Ulikuwa uchungu kweli, ila si ule aliofikiri yeye. Nimekuwa mkalimani wa mahakama zaidi ya miaka ishirini. Kazi yangu yote ilikuwa kuhakikisha kwamba mtu akisema jambo, jambo hilohilo ndilo linalosikika. Sasa nimestaafu, na sina tena hakimu wa kuniambia nikae. Mwalimu Luvanda hakuacha kazi kwa hiari. Aliondolewa kwa sababu ya filamu moja, na aliyeisemea filamu hiyo kwa Kiswahili mbele ya watu alikuwa mimi, Sekela, nikiwa na miaka kumi na tisa.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimechaguliwa chuo cha ualimu, nasubiri muhula uanze. Nilipanga chumba Mlandege, mjini Iringa nilikosomea, kwa Bi Zuhura, mjane ambaye babu zake walipanda kutoka pwani na biashara ya nguo wakakaa moja kwa moja. Marehemu mumewe alimwachia ghala kubwa, naye akaligeuza ukumbi wa harusi. Chumba changu kilikuwa nyuma ya ukumbi huo, kimetenganishwa na stoo ya viti kwa mbao nyembamba tu, hivyo kila kilichosemwa stoo nilikisikia kama nimealikwa. Asubuhi niliamshwa na harufu ya vitumbua, kisha sauti ya Bi Zuhura akibishana na redio. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, cha kunyooka, na changu kilikuwa cha Kinyakyusa. Kila nikifungua mdomo alikuwa na la kurekebisha. “Siyo ‘kitu yangu’, mwanangu. Kitu hakina kosa lolote, kwa nini unakionea?”

Siku moja jioni nikasikia sauti ya mwanamume upande wa stoo. Ilikuwa ya Mwalimu Luvanda, aliyenifundisha historia kidato cha tatu. Alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam na masanduku saba ya bati yenye mikanda ya filamu, zilizotoka Senegali, Mali, Nijeri na kwingineko, amekopeshwa na kituo cha utamaduni cha ubalozi mmoja. Mashine ya kuonyeshea aliazimwa na padri. Alitaka ukumbi kwa siku saba, kila siku filamu moja, saa kumi alasiri, na kiingilio kisiwepo.

“Kwa nini hizi, Mwalimu?” Bi Zuhura aliuliza. “Watu wanapenda ngumi. Wanapenda nyimbo za Kihindi.”

“Bi Zuhura, wanafunzi wangu wanaweza kunitajia mitaa ya Amerika mmoja mmoja. Lakini hakuna hata mmoja anayejua mwanamke wa Mali anatwanga vipi.”

“Anatwanga kama mimi.”

“Basi hilo ndilo nataka walione.”

Kisha nikamsikia Mwalimu akieleza shida yake. Filamu zile zilizungumza lugha za kwao, na chini zilikuwa na maandishi ya Kiingereza yanayopita haraka. Bila mtu wa kuzisemea kwa Kiswahili, ukumbi ungekuwa unatazama midomo inayocheza tu. Bi Zuhura akagonga ubao wa ukuta wangu kwa kiganja. “Wewe unayesikiliza huko! Si ulipata alama nzuri ya Kiingereza? Njoo huku.”

Ndivyo nilivyoajiriwa, bila mshahara, kwa chai na vitumbua. Wiki tatu tulifanya mazoezi humo stoo, tumeziba dirisha kwa blanketi, picha zinaangukia kwenye shuka la kitandani lililobanwa juu ya viti vilivyopangwa. Mara ya kwanza nilisemea kama wale jamaa wa vibanda vya video, kwa kelele na madoido: jamaa anaingia, anamkaba, oya oya! Mwalimu akaizima mashine. Hakuwa mtu wa kufoka. Alisema tu, “Huyu mama hajawahi kupiga kelele maisha yake yote. Mbona wewe unampigia?” Nikaona aibu mpaka masikioni. Tukarudia. Akanifundisha kuyasoma maandishi kwanza, kunyamaza kidogo, kisha kusema kama mtu anayejua anamwambia nani. Mchana tulikula viazi vya Kilolo vilivyokaangwa na bizari, na Bi Zuhura, aliyedai kwamba sinema hazimhusu, alikuwa anakuja na sahani yake kukaa juu ya gunia la maharage na kutusahihisha. “‘Mume wa mama yangu mdogo’ ndiyo nini? Sema ‘baba mdogo’.” Nakumbuka siku tulipotazama filamu ambamo mwanamke anawapepea wageni huku chozi likimtoka, bila kuacha kupepea. Bi Zuhura aliweka sahani chini. “Huyo namjua,” akasema, na hakutuambia ni nani.

Matangazo tuliyaandika kwa mkono: Tamasha la Filamu za Afrika, Mlandege, Siku Saba. Siku ya kwanza walikuja watu wachache, wengi wao wanafunzi wa Mwalimu waliohisi wanalazimika. Siku ya pili wakaja na dada zao. Siku ya tatu akina mama wa sokoni waliwahi kufunga meza, wakaingia na mabeseni yao, wakisalimiana kwa Kihehe, kamwene huku, kamwene kule, wakakaa mbele kabisa wakajaza safu tatu. Kulikuwa na filamu ya vichekesho kuhusu mwanamume aliyenunua baiskeli mpya akakataa kuipanda isije ikachakaa, akawa anaisukuma kila aendako. Walicheka hadi nikashindwa kuendelea, nikasimama na kipaza sauti mkononi nacheka nao. Sijawahi kuona watu wakicheka namna ile mbele ya filamu za mbali. Kicheko cha mtu anayemjua jirani yake ni kingine kabisa.

Habari zilifika ofisini, na asubuhi ya siku ya nne afisa aliyehusika na mambo ya utamaduni akaja kukagua. Simtaji jina, wanawe wapo na hawana kosa. Alikuwa mtu wa adabu. Alikunywa chai yetu, akaomba kuonyeshwa filamu ya siku hiyo. Ilikuwa ya kijiji kimoja ambamo mkuu wa wilaya anakula njama na tajiri, wanazungushia ua chemchemi ya maji. Wanawake wa kijiji wanakwenda kulala barabarani ili gari la mkuu lisipite. Afisa aliitazama mpaka mwisho, mguu juu ya mguu. Kiingereza alikijua vizuri kuliko mimi.

“Filamu nzuri, inaelimisha,” akasema. “Ila tuweke sawa mambo mawili matatu. Binti, huyu mkuu wa wilaya utasema ni tapeli aliyejifanya mkuu wa wilaya. Na pale akina mama wanapolala barabarani, utasema wanapumzika.”

“Wanapumzika?” nikauliza.

“Wametoka shambani. Wamechoka.”

Mwalimu akasema, kwa sauti yake ileile ya darasani, kwamba filamu nzima ingekosa maana. Afisa akajibu kwamba maana ni kazi ya ofisi yake, na kwamba yeye mwenyewe angekuwepo saa kumi, safu ya mbele. Aliposimama akanigeukia. “Na wewe si unakwenda chuo? Barua yako ya tabia njema inapita mezani kwangu. Kwa hiyo tutafanya vizuri, sawa mama?”

Mchana ule tulikula bila hamu. Ugali ulipoa, maharage yakaganda. Mwalimu hakuniambia nifanye nini. Alisema tu kwamba yeye anaweza kuifuta filamu hiyo na kuonyesha nyingine, na hakuna atakayenilaumu. Nikamtazama Bi Zuhura. Leseni ya ukumbi ilikuwa yake, na ndiyo iliyokuwa inamlisha. Nilitumaini angesema tuifute, nipate pa kujificha. Akakung'uta makombo kwenye kanga yake. “Nilipofiwa, ndugu za mume walikuja na karatasi nitie dole gumba,” akasema. “Yule aliyenisomea alisema ni ya mirathi ya watoto. Ilikuwa ya kuuza nyumba. Kwa hiyo mimi mtu anayesoma moja na kusema lingine, namjua. Usiniletee huyo ukumbini kwangu.” Akainuka akaenda kuosha vyombo.

Ningependa kuandika kwamba sikuogopa. Niliogopa sana. Mikono ilinitoka jasho hadi kipaza sauti kikawa kinateleza, nikakizungushia leso. Ukumbi ulijaa, watu walikaa hata sakafuni. Afisa alikuwa mbele, kulia, mguu juu ya mguu. Filamu ikaanza, ng'ombe wakapita, kuku wakapita, na kisha gari jeusi likaingia kijijini, akashuka mwanamume mwenye kofia. Maandishi yakapita chini. Nikanyamaza kidogo kama nilivyofundishwa. Halafu nikasema, “Mimi ni mkuu wa wilaya hii.”

Afisa hakugeuka. Nikaendelea. Nilisema kila neno: njama, ua, askari, matusi ya mkuu kwa bibi kizee. Tulipofika pale wanawake wanapolala barabarani nikasema, “Tumelala hapa ili asipite.” Hapo akainuka. Alitembea taratibu kabisa, bila haraka wala hasira, hadi ukutani, akachomoa waya wa spika. Sauti yangu ikakatika katikati ya neno. Mashine ilikuwa na waya wake mwingine, kwa hiyo picha ziliendelea kucheza, midomo ikifunguka na kufungika. Aliporudi kukaa alinitazama kwa mara ya kwanza, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemaliza kazi.

Nilikitazama kile kipaza sauti kilichokufa. Nikakiweka chini, nikapanda juu ya kiti, nikasema kwa koo langu mwenyewe. Halikuwa koo kubwa. Watu wa nyuma wakalalamika: “Hatusikii! Anasemaje?” Ndipo mama mmoja wa sokoni, muuza nyanya niliyemjua kwa sura tu, akageuka akawasemea walio nyuma yake, kwa Kihehe. Wa safu ile wakageuka wakawaambia wa nyuma yao. Neno likawa linatoka kinywani mwangu, linageuzwa Kihehe safu ya tatu, linarudi kuwa Kiswahili safu ya saba kwa ajili ya wanafunzi, linafika mlangoni. Ilichukua muda, hivyo wa mbele walipokuwa wanafuta machozi, wa nyuma walikuwa bado wanacheka kichekesho kilichopita. Mkuu wa wilaya kwenye shuka akashuka garini akauliza ni nani kiongozi wa wanawake wale. Bibi mmoja akajibu bila kuinuka. Nikasema, “Kiongozi wetu ni kiu.” Nikaisikiliza sentensi hiyo ikienda nyuma, kinywa hadi kinywa, na ilipofika mlangoni ukumbi mzima ukawa umeinuka. Afisa hangeweza kuchomoa waya wowote tena. Hapakuwa na waya.

Kesho yake asubuhi tukakuta kufuli kubwa mlangoni na karatasi yenye mhuri. Filamu tatu zilikuwa hazijaonyeshwa. Wiki hiyohiyo Mwalimu alipewa barua ya kusimamishwa kazi kusubiri uchunguzi, uchunguzi ambao haukufanyika hata siku moja. Aliusubiri miaka miwili, ndipo akashika jembe. Hiyo ndiyo hiari yake iliyosomwa kanisani. Mimi niliitwa ofisini. Nilitegemea kufokewa, nikakaribishwa kiti. Afisa alisukuma karatasi mbele yangu, imekwisha kupigwa chapa, ikisema kwamba mimi, Sekela, kutokana na uelewa wangu mdogo wa lugha ya Kiingereza, nilitafsiri filamu isivyo sahihi na kuwapotosha wananchi, na kwamba naomba radhi.

“Weka sahihi hapo chini. Barua yako ya tabia njema ya chuo hii hapa, nishaigonga mhuri. Unatoka nayo sasa hivi.”

Niliisoma mara mbili. Cha ajabu ni kwamba katika yote yaliyokuwemo, lililoniudhi zaidi ni lile la Kiingereza.

“Hapa si kweli, mzee,” nikasema. “Nilielewa vizuri.”

“Binti. Ni karatasi tu.”

“Naweza kuandika kwamba nilisema. Nikaandika na nilichosema. Lakini siwezi kuandika kwamba nilikosea.”

Nadhani kwa dakika moja hivi alinionea huruma ya kweli. Kisha akaivuta ile barua ya chuo, akaitia kwenye droo. Nilitoka nje kwenye jua mikono mitupu. Watu hupenda kusema ujasiri una raha yake. Mimi raha hiyo sikuiona siku ile. Niliona tu kwamba nimefunga mlango wa maisha yangu kwa mikono yangu mwenyewe, na nikajua papo hapo kwamba nikirudishwa ndani ningeufunga tena.

Nikarudi Mbeya. Mama yangu aliposikia habari hakunipiga wala hakulia. Aliacha kunisemesha. Alikuwa amekwisha kuwaambia wanawake wote wa kwaya kwamba mwanawe anakwenda kuwa mwalimu. Aliniwekea chakula, akala upande wake wa jiko, na sauti pekee ilikuwa ya kijiko kwenye sufuria. Baada ya siku nyingi akasema neno moja, amenipa mgongo, akichambua mchele: “Sahihi tu, Sekela. Sahihi tu ilikushinda.”

Masanduku matatu ya bati yalikuwa bado kwa Bi Zuhura, chini ya magunia ya maharage. Siku moja akanitumia ujumbe kwa dereva wa lori: kaka yake ana ghala la mpunga Chimala, msimu umekwisha, ghala ni tupu, je, tamasha letu lilikuwa la siku nne au la siku saba? Mwalimu akaja na masanduku hayo na mashine ya padri, ambaye alisema hajaambiwa na mtu aidai. Tukaonyesha filamu mbili Chimala, alasiri mbili mfululizo, kwa akina mama wapepeta mpunga na wapagazi wa mashine ya kukoboa, vumbi la pumba likielea kwenye mwanga mpaka picha zikaonekana zina theluji. Hakukuwa na spika. Nilisimama katikati ya ghala badala ya mbele, na wenyewe wakapeana maneno kwa Kisangu na Kisafwa na lugha nyingine nisizozijua. Nilikuwa nimejifunza kwamba ukumbi ukitaka kusikia, utasikia.

Filamu ya saba tulipangia Mbeya mjini, kwenye jengo la mazoezi ya kwaya ambalo mzee mmoja wa kanisa alitupa ufunguo wake bila kuuliza mengi. Ilikuwa siku ya mvua, mabati yakinguruma. Watu walijaa hata hivyo. Habari za Iringa zilikuwa zimetutangulia, zimekuzwa njiani. Kabla ya kuanza nikaona mlango unafunguka, mama yangu akaingia na mwavuli, ameongozana na wanawake wawili wa kwaya. Hakunitazama. Akakaa katikati, akauweka mwavuli kati ya magoti.

Filamu ilikuwa ya mzee aliyepigana vita vya Wazungu, akarudi kijijini kwake akakuta ameandikwa kwenye orodha ya waliokufa. Anazunguka ofisi moja baada ya nyingine kuthibitisha kwamba yu hai, na kila ofisi inamwambia aliye hai hana fungu kwenye orodha ile. Mwishoni anakaa kwenye ngazi za jengo la serikali na kuanza kuwataja wenzake waliokufa kweli, mmoja mmoja, jina na kijiji chake. Hakuna muziki, hakuna kinachotokea. Ni uso wa mzee na majina tu, na ni mengi. Nilianza kuyasema, nikipaza sauti juu ya mvua. Nilipofika kama jina la kumi, mwanamume mmoja nyuma akapiga mluzi. “Dada, ruka hayo! Tupeleke mbele!” Wengine wakacheka, na mwingine akaitikia, “Kweli bwana, majina ya nini?” Nikasita. Nilikuwa nimechoka, na maandishi yalikuwa yananikimbia.

Mama yangu akasimama. Alikuwa mwanamke mfupi, asiyezoea kusema mbele ya watu. Kwenye kwaya aliimba sauti ya pili. Aligeuka akawatazama wale wa nyuma hadi wakanyamaza. Kisha akanigeukia mimi, kwa mara ya kwanza tangu nirudi nyumbani.

“Usiruke hata mmoja,” akasema.

Nikayasema yote.